Siku Niliyokataa Mto Ulale Mahali Pangu

Sogeeni niwaambie mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa wengine na kila anayeisimulia anatia chumvi yake, kuna hata wanaosema nilitoka mbio na sanda hadi forodhani, jambo ambalo si kweli, nilitembea. Aibu ninayo, sikatai. Mpaka leo nikipita kwa muuza vitambaa mmoja wa mtaani hunipungia mkono na kuniita, "Marehemu, hujambo?" nami hujibu sijambo, kwani nifanyeje?

Wengi wenu mwanijua kwa jina la Kadhi, na wengine hamjui kama jina langu hasa ni Lali. Mimi nimezaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, nikaanza kuigiza nikiwa shuleni, nikaenda Mombasa kutafuta kazi ya bandarini na badala yake nikaipata jukwaani. Maisha yangu yote ya utu uzima nimeyamaliza huko. Nimecheza wezi, nimecheza waganga, nimecheza baba mkali hadi nikachoka kuwa mkali, na siku moja pazia zima na miti yake liliniangukia kichwani nikaendelea kusema maneno yangu nikiwa chini yake, watazamaji wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Sauti yangu ilifika safu ya nyuma bila kipaza sauti. Halafu ikaja runinga, nikapewa kadhi katika mchezo uliodumu miaka mingi, basi wanawake wakawa wananisimamisha sokoni kuniuliza mambo ya talaka (mmoja nilimpa ushauri, na naambiwa ulimfaa).

Kisha simu ikanyamaza. Sikufukuzwa, sikugombana na mtu, simu tu haikulia. Wakaja vijana wenye meno yao yote, na mimi nikafunga sanduku nikarudi Amu, Lamu ya wenye ramani, kukaa kwa mke wangu, Bi Sauda, katika nyumba ya mamake (kwetu nyumba ni ya mke, mume ni mgeni ambaye hajaambiwa aondoke). Nilikuwa nikikaa barazani najifanya napumzika. Uongo mtupu. Nilikuwa nangoja, na kila simu ya jirani ilipolia niliishika yangu.

Sasa wakaja watu wa Nairobi kupiga filamu ya mfululizo hapa Amu, na mwongozaji wao, kijana mmoja anaitwa Denisi, mpole, ana ndevu chache na haraka nyingi, akauliza ni nani anaweza kuwa babu. Akaelekezwa kwangu. Nikapiga pasi kanzu, nikaenda kifua mbele, nikasomewa hadithi: babu mwenye nyumba kubwa ya kale anafariki, na watoto wake wanagombea nyumba.

"Na mimi nasema nini?" nikauliza.

"Mzee wangu, wewe ndiyo umekufa," akaniambia Denisi. "Hauna maneno. Lakini tukiona unaweza, tutaandika sehemu za nyuma, vile babu alikuwa hai. Hizo zinaweza kurudi mpaka mwisho wa hadithi."

Nilitoka pale nimeshaamua. Nitakufa vizuri kuliko alivyopata kufa mtu yeyote kwenye runinga ya nchi hii, hadi wajione wajinga kwa kuniua mapema, na hizo sehemu za nyuma waziandike wenyewe kwa mikono yao. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho na nilijua hivyo. Nikaanza mazoezi nyumbani, nalala chali sakafuni nabana pumzi, na Bi Sauda anapita na ndoo ananiruka.

Alipojua ni mazoezi ya nini, aliweka ndoo chini.

"Jeneza si mtezo, Bwana Lali," akasema. "Mtu huingia humo mara moya, na haingii kwa maguu yake."

Nikamwambia ni mbao tu, kalifanya fundi wa kule nyuma, halijawahi kubeba mtu. Akaniangalia, akachukua ndoo yake.

Siku yenyewe ilipofika nikakuta kila kitu tayari, vijana wa hapa hapa Amu wameajiriwa wawe wabebaji, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, na kamera moja ipo juu ya paa na Denisi. Kabla hajapanda akanijia na glasi ya chai ya tangawizi. "Mzee, wewe kaa hapa kivulini," akasema. "Ndani ya sanda huonekani, na juu kuna kitambaa. Tumeweka mto na gunia la mchanga, inatosha kabisa."

Hapo ndipo. Ningeipokea ile chai, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Badala yake nikajinyoosha, nikasema kwa ile sauti ya safu ya nyuma, "Kijana, tangu nianze kazi hii sijawahi kumwachia mto nafasi yangu." Wale vijana wakapiga makofi. Hayo makofi ndiyo yaliyonimaliza, maana muda mrefu sikuwa nimepigiwa, na mtu aliyepigiwa makofi hajui tena kunyamaza, basi nikaendelea, nikasema wanivishe sanda ya kweli, wafunge kichwani, kiunoni na miguuni kama inavyofungwa, na taya nalo walifunge kwa kitambaa, na pamba pia, kwa sababu mwili ukijua umefungwa kweli hulala kweli. (Haya nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu Mombasa. Wanafunzi wangu, mnisamehe.) Wakanifunga. Nikamwona Denisi anatikisa kichwa, halafu wakanifunika uso.

Mara ya kwanza punda akasimama katikati ya njia, akakataa kupisha. Mara ya pili simu ya mbebaji mmoja ikalia kwa taarabu. Denisi akashuka, akasema tungoje kidogo, anataka adhana isikike nyuma ya msafara, adhuhuri imekaribia, itapendeza sana. Njia haikufungwa, alimweka msichana wao mmoja kwenye kona ameshika kibao cha kuwaambia watu kwamba ni filamu, na kibao kimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi ndani sikujua habari ya kibao. Nilikuwa nimeshakufa.

Adhana ikaanza, jeneza likanyanyuliwa, vijana wakaanza "La ilaha illallah," tukaingia ndia kuu, ile njia ipitayo katikati ya mji. Sasa ninyi mwajua, ila Denisi hakujua, naye yuko juu ya paa: kwetu jeneza likipita, mwanamume hasimami kutazama. Huacha alichoshika, hukunja shuka, akaja akatia bega hatua chache, akapokewa na mwingine. Wala haulizi ni nani aliyemo, hilo huulizwa baadaye. Na kijana wa Amu akiwa amebeba, akaja mzee kunyoosha mkono apewe nafasi, kijana hana mdomo wa kumwambia ngoja mzee wangu hii ni filamu. Humpisha. Na saa ile wazee wote wa mtaa walikuwa njiani kwenda msikitini.

Nilihisi mabega yanabadilika. Bega moja linanuka udi, lingine samaki, jeneza linapanda upande huu, linashuka upande ule, na sauti zinaongezeka, nene, za watu wazima. Na mwendo ukawa wa haraka, maana maiti hacheleweshwi. Mnajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu Denisi ana kipaji! Amewapata wapi watu wote hawa? Mbona wanasoma kwa uchungu hivi? Nikajiambia, Lali, wenzako wamepandisha mchezo, nawe usiwaangushe, nikabana pumzi zaidi. Neno nililolingoja ni moja tu, "kata," na sijawahi katika maisha yangu kuvunja mchezo kabla halijasemwa. Naambiwa Denisi alilisema, tena alilipigia kelele akiruka juu ya paa, lakini adhana na dhikri zilimfunika.

Hapo nikasikia mtu anauliza, "Ni nani mefariki?"

"Lali," akajibu kijana mmoja wa wabebaji, akidhani anaulizwa tu ni nani aliyemo. "Lali wa Sauda, mtezaji."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Kadhi?"

Sauti hiyo ya mwisho nikaitambua. Ni Bwana Famau, muuza halua, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo, na ambaye hajawahi kukosa mchezo wangu hata mmoja. Nikaona raha humo ndani. Nikajua sasa nasifiwa.

"Kadhi alimteza sawasawa," Bwana Famau akasema huku anahema chini ya mzigo. "Mola amrehemu. Lakini kulia hakujua. Vyote aliweza, kulia hakujua. Alikuwa akilia kama mtu aitae punda."

"Kweli," akasema mwenzake, na mwingine upande wa pili akasema kweli.

Jamani! Ningekuwa na taya ningeinuka palepale. Nilikuwa maarufu kwa kulia! Nilikuwa naweka mkono kwenye paji la uso, nakunja magoti, nalia hadi mtu wa tiketi nje anasikia. Hasira zikanipanda, na ndizo zilizonishika nisigutuke, nikajiapiza kwamba nitalala maiti safi kabisa, hadi mwisho, aje alione hilo kwenye runinga Bwana Famau na halua yake.

Ghafla kukawa baridi. Dhikri zikanyamaza, nikasikia nyayo tupu juu ya mikeka, nikawekwa chini taratibu ubavuni mwa ukuta. Nikashangaa kidogo, nani amewaruhusu kuingiza kamera msikitini? Kisha ikakimiwa swala, na nikasikia sauti ya imamu, Sheikh Mbwana, akiwaambia watu wanyooshe safu. Sheikh Mbwana hakukubali kupigwa picha hata katika harusi ya mwanawe. Jasho likanitoka ndani ya sanda, maana nilifahamu nilipo.

Sasa nifanye nini? Nigune? Watu wamekwisha kuhirimia adhuhuri, swala ya faradhi, nami niwaharibie? Nikanyamaza. Nikalala pale namsikiliza kila mtu anaswali isipokuwa mimi, nimevishwa sanda, nimefungwa taya, na pamba moja inanitekenya pua. Wale vijana wabebaji walikuwa humo humo safuni, nimewauliza baadaye mbona hamkusema, kila mmoja anasema alidhani mwenzake ameshasema. Denisi naye alikuwa mlangoni na viatu vyake mkononi, hajui kama aingie au asiingie, kila anayemfuata anamwashiria anyamaze, watu wanaswali.

Wakatoa salamu. Sheikh Mbwana akaja akasimama karibu yangu, akakohoa.

"Ndugu zangu," akasema, "mbele yetu ni ndugu yetu Lali. Amewachekesha wengi hapa, na pengine yuko aliyemuudhi. Mwenye neno naye, amsamehe."

Wa kwanza nikamsikia Bwana Famau, "Nimemsamehe." Na mimi nikajua ni nini alichonisamehe.

Wakaanza kupanga safu nyuma yangu. Nawaambia ukweli wangu, hata hapo kuna kijisehemu ndani yangu kilichosema, Denisi hajasema kata. Nafasi yenyewe ni ya mwisho, ukivunja umekwisha. Lakini nikajua Sheikh akishainua mikono kwa ile takbiri, nimeswaliwa, na moyo wangu unadunda kama wa kuku aliyeshikwa. Kazi nimeiheshimu maisha yangu yote, ila si hadi hapo. Nikaguna, "Mmmm!" na kwa kuwa kuguna hakukutosha, nikapiga visigino.

Safu ya nyuma ilitokea madirishani. Ya katikati ilitokea mlangoni, ikamkumba Denisi, na viatu vikachanganyika hapo nje, wako watu Amu hadi leo wanavaa makubadhi ya wenzao. Mmoja aling'ang'ania nguzo anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kike. Sheikh Mbwana peke yake hakukimbia, alinikaribia, akafunua kitambaa, akanifungua taya.

"Lali, u hai?"

"Ni hai, Sheikh."

"Adhuhuri umeswali?"

"Sijaswali."

"Basi ondoka kaswali."

Nikafunguliwa miguu, nikaenda kutawadha na sanda yangu mabegani, nikaswali peke yangu pembeni, sijui hata nilisoma nini. Nilipotoka ndipo nilipomwona Bi Sauda.

Habari ilikuwa imemfikia jikoni, kwamba Lali amefariki, yuko msikitini anaswaliwa. Alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, nje ya mlango, buibui amelivaa ndani nje, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na mkononi ameshika kofia yangu, kofia yangu ya kazi ya mkono ninayoivaa Ijumaa. Sijui kwa nini aliichukua, naye hajui. Hakulia kwa sauti. Uso wake ulikuwa kimya kabisa, machozi tu yakishuka yenyewe, hayafuti, na alikuwa ananitazama kama ambaye hajaamua nani yule. Nikamwambia, "Sauda, ni mimi." Akanyoosha mkono.

"Vaa kofia yako," akasema, akageuka akaenda zake nyumbani.

Moyo uliniuma, siwafichi. Nimeigiza mbele ya kumbi zilizojaa na sijawahi kujiona mdogo kama pale, na sanda, na kofia.

Na haikuishia hapo, maana habari ilikuwa imeshavuka maji. Jioni dada yangu Mwanahawa akashuka kwenye mashua kutoka Mbwajumali na watu wake, wamekuja na mchele, nazi na sufuria za matanga, wanalia tangu Manda, akanikuta mlangoni nawamiminia wageni kahawa. Alinipiga kofi kwanza, halafu akanikumbatia, halafu akanipiga tena. Mchele ulipikwa, ungerudishwaje? Watu wakala, na Bi Sauda akawapakulia wote, mimi akanipita.

Kesho yake Denisi na wenzake wakaenda kwa wazee wa msikiti kuomba radhi, nami nikaenda, nikakaa mwisho kabisa. Wazee waliwasamehe, lakini wakaweka masharti: picha za jana zifutwe, na jeneza la kuigiza lisionekane tena katika ndia za Amu. Denisi akakubali yote, akatoka nje akakaa kwenye ngazi amejishika kichwa.

"Mzee, tumeisha," akaniambia. "Babu asipokufa hakuna hadithi. Na hawa wamekataa ufe."

Nilikuwa nimekuja kujiuzulu, nawaapia. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini nilipomwona amekaa vile, ile ari yangu ya zamani ikanirudia, nikakaa kando yake, nikamwambia, "Basi nisife. Wagombee nyumba nami nipo, nimekaa kitini nawaona. Hiyo haitauma zaidi?" Akainua kichwa, akanitazama, kisha akatoa simu yake akaanza kuandika palepale, mimi nasema yeye anaandika. Babu akapata maneno. Akapata maneno mengi, tena hadi mwisho wa hadithi, na niliyasoma usiku na mchana hadi nikayajua ya wenzangu pia.

Ikabaki sehemu moja niliyoiogopa, pale babu anapojua kwamba binti yake mpenzi ndiye anayetaka kumtoa nyumbani. Babu analia. Tulipiga kwenye baraza moja mtaani, watu wamejaa kutazama, na mbele kabisa, mikono nyuma, nani? Bwana Famau. Mkono wangu ukaanza kupanda kwenye paji la uso kwa mazoea. Nikaushusha. Nikamkumbuka Sauda nje ya msikiti, ameshika kofia, nikauacha uso ukae kimya nisiufanyie kitu chochote. Nikakaa hivyo. Machozi yakashuka yenyewe, hayakuwa ya babu, yalikuwa yangu mimi Lali, kwa ajili ya yule mwanamke na kiatu chake kimoja.

Denisi alisahau kusema kata. Watu hawakupiga makofi pia, walisimama tu. Bwana Famau akanijia, akanitilia mkononi kifuko cha halua ikiwa bado moto.

"Sasa wajua," akasema, akaenda zake dukani.

Halua nikampelekea Bi Sauda, na siku hiyo ndiyo siku aliyonipakulia chakula tena kwa mkono wake, akasema, "Kula, marehemu," akacheka hadi akakaa chini.

Simu sasa inalia, alhamdulillahi, na kazi naitaka, nitaigiza hadi miguu inikatae na nikiketi nitaigiza nimeketi. Ila nimeweka kiapo mbele ya mke wangu, ya kwamba jeneza sitaingia tena kwa miguu yangu. Mwenye filamu yake akitaka maiti aje tu nyumbani kwa Bi Sauda, mito ipo, nami nitamchagulia ulio mzuri nimbebee mwenyewe hadi mbele ya kamera.